Baiskeli kuukuu ya gia ni ya shilingi ngapi?

Baiskeli moja ya gia iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kutajiwa bei nne kwa siku moja. Mwenye nayo anataja bei anayoikumbuka tangu siku aliponunua, labda akipunguza kidogo. Dalali anataja bei ambayo ana hakika kesho ataiuza kwa faida. Fundi anashika cheni, anatikisa gurudumu, kisha anataja thamani ya vipuri viwili vitatu anavyovitaka. Ndugu aliyeko Ujerumani naye anatuma picha ya tangazo la baiskeli inayofanana nayo, euro mia nne, na mabishano yanaanza upya.

Hapo hakuna anayedanganya. Kila mmoja anapima kitu chake. Marekani iko kampuni, Bicycle Blue Book, inayotoa makadirio ya bei za baiskeli zilizotumika kwa kufuata jina, modeli na mwaka, lakini makadirio hayo ni ya mnunuzi wa Marekani aliyezungukwa na maduka ya vipuri ya Marekani. Ukiyaleta Dar es Salaam au Nairobi bila kuyachuja yatakupotosha, na mara nyingine yatakupotosha kinyumenyume: jambo linaloshusha bei kule ndilo linaloipandisha huku.

Ninavyoona mimi, thamani ya baiskeli ya namna hii hutokana na mambo mawili tu. La kwanza ni bei ambayo baiskeli ya daraja hilohilo, ikiwa nzima na inatembea, inauzwa katika mji wako. La pili ni gharama ya kuitoa hii yako hapo ilipo hadi ifike kwenye hali hiyo, kwa vipuri vinavyopatikana unakoishi. Toa la pili kwenye la kwanza. Umri, jina la kampuni, rangi na hadithi ya mwenye mali vina uzito pale tu vinapogusa mojawapo ya hayo mawili.

Kazi ngumu ni kuyajua hayo mawili.

Una nini mkononi

Mwaka wa baiskeli kwa kawaida hauandikwi kwenye fremu. Ipo namba iliyogongwa chini, pale ekseli ya pedali inapopita, lakini kila kiwanda kina utaratibu wake wa kuiandika na huwezi kuisoma kwa kanuni moja. Njia rahisi ni kusoma sehemu za Shimano, kampuni ya Kijapani ambayo vipuri vyake vimo katika baiskeli nyingi sana za gia. Nyuma ya kranki, yaani mkono wa pedali, upande unaotazama fremu, au mgongoni mwa gia ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni, hugongwa herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. A ni 1976, B ni 1977, hivyo hivyo mpaka Z ambayo ni 2001, halafu A ikarudi tena kuwa 2002. Miezi ni A kwa Januari hadi L kwa Desemba. Ukifuta grisi ukakuta VC, sehemu hiyo ilitengenezwa Machi 1997. V hiyohiyo ni 2023 pia, lakini hakuna anayeweza kuchanganya kranki ya 1997 na ya 2023 akiiona kwa macho.

Soma sehemu mbili au tatu. Zikipishana miezi michache, huo ndio umri wa baiskeli, na kuna uwezekano mkubwa kwamba bado ina vipuri ilivyotoka navyo kiwandani. Zikipishana miaka kumi, mtu ameikarabati njiani. Hilo si kosa, ila hadithi ya kwamba haijawahi kuguswa na fundi usiichukue.

Historia yenyewe pia inasaidia kukadiria umri ukiwa umesimama mbali. Baiskeli za mlimani zilianzia Kaunti ya Marin, California, ambako vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wakishuka kwa kasi njia za vumbi za Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani. Joe Breeze alitengeneza fremu yake maalumu kwa mchezo huo mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Shokapu za mbele zilianza kuuzwa karibu na 1990. Breki za V za Shimano zilikuja 1996; kabla ya hapo kulikuwa na zile zenye mikono mifupi iliyotanuka pande mbili, zinazovutwa na waya wa katikati. Breki za diski zilisambaa katika miaka ya 2000. Basi ukiona baiskeli ya mlimani yenye foku (uma wa mbele) isiyo na shokapu na breki za waya wa katikati, kwa kawaida unatazama kitu kilichotoka kiwandani kabla ya mwaka 2000, hata kama muuzaji anasema mwanawe aliinunua mpya mwaka juzi.

Kuhusu daraja, jina lililoandikwa kwenye fremu lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Trek, Giant, Scott na Specialized wote wametengeneza baiskeli za bei ya chini na za bei ya juu sana, na stika ni ileile. Ngazi za Shimano zinasema zaidi. Kwa baiskeli za mlimani, kutoka chini kwenda juu, kwa miaka mingi zimekuwa Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, kisha XTR. Kuanzia Alivio unapata vifaa vinavyorekebishika na kukaa. Deore ndipo mtu anayeendesha kila siku anaanza kuona tofauti ya kweli.

Lakini viwanda vinajua kwamba mnunuzi anatazama gia ya nyuma kwanza. Ndiyo maana nyingi zimefungwa gia ya nyuma ya daraja zuri na sehemu nyingine zote za bei poa. Kwa hiyo tafuta kiungo dhaifu, na mahali pazuri pa kuanzia ni gurudumu la nyuma. Baiskeli za bei ya chini zina meno ya nyuma yanayojikaza kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, yaani friwili. Zilizo bora zina kaseti, ambayo meno yake huvaa juu ya kitovu chenye mifereji. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu kwenye friwili yenye meno sita au saba gololi za upande wa kulia ziko mbali na ncha ya ekseli, na ekseli hupinda au kukatika chini ya mzigo. Kuzitambua ni rahisi bila kufungua chochote. Zungusha meno kinyumenyume huku ukitazama katikati, pale funguo ya fundi inapoingia. Mifereji ya funguo ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Ikibaki imetulia huku meno yanazunguka, ni friwili.

Fremu nayo ina siri zake. Kwenye fremu za steli tafuta stika ya Cr-Mo, au 4130, ambazo ni alama za steli nzuri, au majina ya waliotengeneza mabomba kama Tange, Reynolds na Columbus. Stika ikiwa imebanduka, chomoa bomba la kiti usome namba iliyogongwa juu yake. Kwenye fremu za steli za wakati ule, bomba la fremu linalopokea hilo la kiti mara nyingi lilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Kama bomba la kiti ni milimita 27.2 au 26.8, ukuta wa fremu ni mwembamba, na wembamba huo unawezekana tu kwa steli nzuri. Likiwa 25.4, ukuta ni mnene na steli ni ya kawaida.

Halafu ipime uzito. Mzani wa kamba wa kupimia mizigo unatosha. Baiskeli ya aluminiamu yenye shokapu ya mbele tu, ya daraja la kati, huwa na kilo 12 hadi 14. Ukikuta yenye shokapu mbele na katikati ya fremu, inang'aa, na ina kilo 18, umekutana na ile aina iliyotengenezwa ifanane na baiskeli ya mlimani. Nyingine zina stika ya kiwanda inayoonya zisitumike kwenye njia za milima. Hizo ndizo zinazowavutia wanunuzi wageni kuliko zote, na kwangu ndizo zinazostahili bei ndogo kuliko zote: springi ya katikati haina namna ya kutengenezwa, maungio yake yanalegea, na uzito hauondoki.

Inchi 26: aibu ya Ulaya, nafuu ya huku

Kwa karibu miaka thelathini baiskeli za mlimani zilivaa magurudumu ya inchi 26. Miaka ya 2000 yakaja ya 29, na kati ya 2012 na 2015 viwanda vikubwa vikaiacha 26 na kugawana kati ya 27.5 na 29. Ulaya na Marekani, 26 ikageuka alama ya uzee. Mtu mwenye baiskeli nzuri ya 2008, iliyomgharimu pesa nyingi, anakuta haipati mnunuzi kwa sababu shokapu mpya ya saizi hiyo ni nadra na matairi ya mashindano yamepungua madukani.

Sasa nenda Kariakoo, au kwa fundi wa njia panda yoyote kijijini, uulize tairi la 26. Lipo, na tyubu yake ipo. Uliza la 29 uone. Katika miji mikubwa utalipata. Nje ya hapo utaambiwa usubiri lori. Ndiyo sababu wasafiri wengi wanaovuka Afrika kwa baiskeli wameendelea kuchagua 26 hata baada ya viwanda kuiacha. Mnunuzi wa Singida au Kakamega anafikiri kwa namna hiyohiyo, tena yuko sahihi.

Kuna mtego mmoja hapa. Baiskeli zetu za kawaida za 28, zile nyeusi za Phoenix na Hero, zinatumia tairi la kipenyo cha milimita 635. Gurudumu la 29 ni milimita 622. Kwa macho zinakaribiana, na muuzaji anaweza kukuapia kwamba tairi la 28 litaingia. Halitakaa, maana tofauti ya milimita 13 inatosha kulitoa kwenye rimu. Kila tairi lina namba ya kipenyo iliyoandikwa ubavuni baada ya kistari: 559 ni 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Soma namba hiyo, usisome inchi.

Mantiki hiihii inagusa sehemu nyingine. Foku ngumu ya steli, ambayo mwanamichezo wa Uswisi anaitupa, huku ni mali: haivuji mafuta, haina mpira wa kuchakaa, na ikipinda kidogo fundi anainyoosha. Matundu madogo ya kufungia keria karibu na ekseli ya nyuma, ambayo baiskeli nyingi za kisasa za mashindano hazina, yanaongeza bei kwa mtu anayebeba debe la maziwa au mtoto wa shule. Breki za V mpira wake unauzwa kila mahali. Breki za diski za mafuta ni nzuri sana zikiwa nzima, lakini za Shimano zinataka mafuta ya madini, na fundi asiyejua hujaza mafuta ya breki ya gari, ambayo yanakula mipira ya ndani. Ukikuta breki za mafuta zilizolegea, usihesabu kazi ya kujaza mafuta tu; hesabu breki mpya.

Kuhusu ekseli, baiskeli za zamani zina ekseli nyembamba ya kubana kwa mkono au kwa nati. Za kisasa zina ekseli nene ya kupenya, milimita 15 mbele na 12 nyuma, na kuanzia 2015 upana wake ukabadilishwa tena. Kitovu cha gurudumu la namna hiyo kikivunjika Mtwara, kingine cha kukibadilisha huenda kikalazimika kuagizwa kutoka nje. Gharama ya kuagiza, muda na usumbufu vinakatwa kwenye bei.

Fremu vilevile. Steli ikipasuka, karibu kila mji una mtu wa kuiunga kwa moto. Aluminiamu ikipasuka, mambo ni mengine. Fremu nyingi za aluminiamu hupitishwa kwenye tanuri kiwandani baada ya kuungwa ili zirudi kwenye uimara wake. Kiraka cha mtaani kinapasha moto eneo dogo na kuliacha laini. Fremu ya aluminiamu yenye kiraka mimi siihesabu kuwa fremu. Nahesabu magurudumu yake na gia zake, basi.

Kuikagua bila kupigwa chenga na rangi

Anza na cheni, kwa sababu cheni inaeleza baiskeli ilivyotunzwa. Iweke rula juu yake, sifuri katikati ya pini moja, na hesabu pini 24 kutoka hapo. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, karibu milimita moja na nusu, cheni inataka kubadilishwa. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, yaani milimita tatu, kaseti nayo imeshaliwa, na cheni mpya ikifungwa juu yake itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Cheni peke yake ni pesa ndogo. Cheni, kaseti na meno ya mbele kwa pamoja vinaweza kula nusu ya bei ya baiskeli ya daraja la kati. Rula ya mtoto wa shule inakuonyesha tofauti hiyo kwa nusu dakika, na sielewi kwa nini watu wengi hawaipimi.

Kama breki ni za rimu, pitisha ukucha ubavuni mwa rimu pale mpira unaposugua. Rimu nzuri ni bapa. Iliyochoka ina bonde, na ukiweka rula wima utaona mwanga katikati. Baiskeli zilizoishi kwenye tope na mchanga huzimaliza rimu haraka kuliko tairi, kwa kuwa chembe za mchanga hubaki kwenye mpira wa breki na kusaga. Rimu yenye bonde inaweza kupasuka tairi likijazwa upepo sawasawa, na hapo unanunua gurudumu, si rimu tu, maana kuna spoki na kazi ya kuzifunga upya.

Kwa baiskeli zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja, ukaguzi muhimu kuliko wote ni wa bomba la kiti. Legeza skrubu, jaribu kulizungusha. Aluminiamu ndani ya steli, pamoja na unyevu wa chumvi, hushikana kabisa, na bomba likishikana baiskeli hiyo inamfaa mtu wa urefu mmoja tu. Wanunuzi wengi hawagundui kwa sababu siku ya kununua kiti kilikuwa kwenye urefu unaowafaa. Mwezi mmoja baadaye wanataka kumpa mdogo wao, wanakuta hakishuki. Fundi anaweza kulikata kwa msumeno wa ndani, kazi ya saa nyingi, na fremu inaweza kuharibika. Likishikana, kata bei vizuri au tafuta nyingine. Likitoka, chungulia ndani ya fremu kwa tochi ya simu. Kutu ya juu tu haina neno, lakini magamba yanayodondoka ukigonga fremu yana neno.

Shokapu ya mbele ibonyeze kwa uzito wako wote. Inatakiwa ishuke na kurudi bila kugonga. Tazama yale mabomba mawili yanayoingia ndani: mchirizi wa kutu au mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha unakata mpira na kuvujisha mafuta. Shokapu ya miaka kumi na tano iliyoganda haina thamani yoyote, hata kama ilikuwa ya RockShox na ilikuwa ghali. Mipira yake huenda haitengenezwi tena. Ihesabu kama mzigo utakaobadilishwa na foku ngumu, ukizingatia kwamba foku ngumu iliyo fupi itashusha mbele ya baiskeli na kuubadilisha usukani.

Halafu pinda magoti uangalie chini ya fremu, pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha usukani. Rangi iliyokunjamana hapo ina maana moja: baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Kagua pia maungio ya nyuma, karibu na ekseli ya pedali. Ufa wa aluminiamu huanza kama unywele mweusi kando ya ungio, na vumbi huuficha, kwa hiyo futa kwanza. Fremu ya karboni yenye mpasuko siwezi kuipangia bei kwa macho, na nadhani hakuna anayeweza. Ikadirie kwa vipuri vyake tu.

Mwisho bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Kugongagonga unakokusikia mkononi ni kichwa cha usukani kilicholegea au gololi zilizokwisha. Shika kranki uivute kulia na kushoto. Hivi ni vya bei nafuu kurekebisha, ila vinakupa haki ya kupunguza.

Hesabu yenyewe

Tuchukue Specialized Rockhopper ya steli, ya katikati ya miaka ya 1990, magurudumu ya 26, foku ngumu, gia za Alivio. Tuseme umezunguka ukaona baiskeli za daraja hilo, zikiwa nzima, zinauzwa shilingi 350,000 za Tanzania mjini kwako. Nasema zinauzwa, sikusema zinatangazwa. Tangazo lililokaa miezi mitatu linakuonyesha bei iliyokataliwa. Kama huna njia ya kuona bei zilizolipwa, muulize fundi watu anaowafungia baiskeli za namna hiyo walizinunua kwa kiasi gani. Fundi anayeaminika anajua kuliko mtandao. Anayetaka kulinganisha na Ulaya au Marekani, eBay ina sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, na hiyo ndiyo ya kuangalia.

Sasa ya kwako. Cheni imezidi milimita tatu. Kwa mfano wetu cheni ni 20,000, kaseti 35,000, matairi mawili yaliyopasuka ubavuni 50,000, tyubu mbili 10,000, mipira na waya za breki 20,000, fundi 30,000. Jumla 165,000. Inabaki 185,000. Kutoka hapo mnunuzi mwenye akili atatoa tena kidogo, tuseme 25,000, kwa ajili ya yale ambayo hayaonekani mpaka baiskeli itembee wiki mbili. Basi dari ya mnunuzi ni kama 160,000. Muuzaji anayeng'ang'ania 300,000 kwa kuwa "ni original" anataka alipwe kwa baiskeli ambayo haipo pale. Na mnunuzi anayesema 60,000 kwa kuwa ni kuukuu naye hajafanya hesabu; fremu, foku, kranki na vitovu vizima vya daraja hilo peke yake vina thamani zaidi ya hapo.

Weka bei za mjini kwako badala ya hizi zangu za mfano. Mpangilio ndio ule ule.

Muuzaji mara nyingi huuliza kama airekebishe kwanza. Sehemu nyingine hulipa, nyingine hazilipi. Baiskeli isiyo na upepo haiwezi kujaribiwa, na mnunuzi asiyeweza kujaribu anakata kwa woga, siyo kwa gharama. Kwa hiyo tyubu, mipira ya breki, waya mpya na kuifua fremu kwa maji ya sabuni vinarudisha pesa yake na zaidi. Kaseti mpya hairudishi, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida haioni. Kupaka rangi upya ni hasara mara mbili: unalipa, halafu anayejua anajiuliza unaficha nini.

Ukubwa wa fremu nao huamua kasi ya kuuza. Baiskeli nyingi za mtumba hutoka nchi za watu warefu, na fremu za inchi 21 au 22 zinakaa sokoni wakati za 16 hadi 18 zinagombewa. Mbili zilizo sawa kwa kila kitu, moja kubwa na moja ya wastani, hazina bei moja. Zile za kukodisha kwa watalii, kama zinazozungushwa katika hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, Kenya, zina gia zilizochakaa mapema kwa kuwa kila siku zinaendeshwa na mtu mwingine asiyezijua. Zikiuzwa, kagua meno kabla ya rangi.

Wakati mwingine jumla ya vipuri inazidi baiskeli nzima. Hutokea hasa kwa baiskeli ghali ya 26 iliyopasuka fremu: gia za XT zilizo nzima, kranki, magurudumu yenye kaseti. Fundi anayejenga baiskeli za watu atavinunua kimoja kimoja. Lakini pigia hesabu muda wako, na ujue kwamba vitakavyobaki mwishoni ni vile ambavyo hakuna anayevitaka.

Kundi la kipekee ni la wakusanyaji. Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wanaolipa sana kwa baiskeli za mlimani za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, zile za Ritchey, Klein au Fat City Cycles, zikiwa na vipuri vya asili na rangi ya asili. Huko kanuni zote zinageuka: mkwaruzo wa zamani ni bora kuliko rangi mpya, na gia iliyobadilishwa inashusha bei hata kama iliyofungwa ni nzuri zaidi. Kontena la mtumba linaweza kuleta moja ya hizo bila aliyelipakia kujua. Ukiona jina usilolijua kwenye fremu nyepesi yenye viungio vilivyofanywa kwa mkono, piga picha za viungio, namba ya chini na herufi za Shimano, utafute kabla ya kuiuza kwa bei ya mtaa. Ila gharama ya kuisafirisha hadi kwa mkusanyaji nayo lazima iingie kwenye hesabu, na kwa baiskeli nzima gharama hiyo si ndogo.

Limebaki suala la umiliki, ambalo kwangu linakuja kabla ya senti yoyote. Namba iliyo chini ya fremu iandikwe kwenye karatasi ya mauziano, pamoja na majina ya pande mbili, sahihi na shahidi. Wengi huku hupitia ofisi ya serikali ya mtaa, na ni utaratibu mzuri. Baiskeli yenye risiti au karatasi ya awali ina thamani zaidi, kwa sababu mwenye nayo ataweza kuiuza tena. Namba ikiwa imesuguliwa kwa tupa, au imefunikwa kwa rangi mpya pale tu, hesabu zote zilizotangulia hazitumiki: baiskeli hiyo usiinunue hata kwa 30,000.